Sahau Jina Lake

Kitinda alikuwa na imani moja aliyoisema waziwazi mbele za watu, na watu wakamwona ana kasoro kichwani: kwamba binadamu wengi huzaliwa, hunywa chai maisha yao yote, na hufa, bila kuona kikombe hata siku moja. Kukishika wanakishika. Kukiosha wanakiosha, na kikivunjika wanakisikitikia. Lakini kukiona, hapana. Yeye mwenyewe alikiona cha kwake akiwa mwanamke mtu mzima kabisa, mwenye mvi za kutosha na kazi ya kudumu, na siku hiyo nusura alie.

Kilikuwa kikombe cheupe cha kawaida, kimemeguka kidogo ukingoni, kimekaa kwenye meza ya jikoni karibu na dirisha, alasiri. Alishakichora mara nyingi kabla ya hapo, na kila mara kilitoka kama tangazo la duka la vyombo: mdomo duara, mkono pembeni, basi. Alasiri hiyo akakikodolea macho mpaka yakamwasha. Akaona kwamba ule mdomo, kutoka pale alipoketi, haukuwa duara hata kidogo. Ulikuwa mwembamba kama jicho lililofumbwa nusu. Akaona kwamba weupe wake ulikuwa umejaa kijivu, na ndani ya kijivu hicho palikuwa na mwanga mwingine, hafifu, uliopanda kutoka mezani na kukilamba tumbo kwa chini. Nani aliuweka pale? Ulikuwepo siku zote. Asubuhi na jioni mwanga ule ulikuwa ukifanya kazi yake bila mtu kuushukuru, na yeye alikuwa akinywa chai tu.

Akaweka penseli chini. Kaka yake alipoingia akamkuta amekaa vilevile, akauliza nani amefariki.

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani. Alikuwa kitindamimba, mtoto wa mwisho, na mama yake ndiye aliyelifupisha jina hilo akaligonga mhuri, likawa halitoki. Ofisini walimwita Fundi Ramani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora ramani za mabomba ya maji yaliyofukiwa chini ya mitaa. Hebu fikiria: mchana kutwa mtu anachora vitu asivyoviona. Bomba ni mstari, koki ni pembetatu mbili zinazobusiana, tangi ni duara lenye namba. Ukishajua alama umemaliza. Huhitaji macho, unahitaji rula. Labda ndiyo maana jioni alitoka pale ana njaa ya kuona.

Njaa hiyo aliipeleka kwa Mama Vivuli. Huyu alikuwa akifundisha watu wazima kuchora kwa penseli, kila Alhamisi baada ya kazi, katika chumba alichoazimwa na shule ya udereva, kuta zote zimejaa alama za barabarani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kikohozi na sauti ya kukwaruza, na ulimi wake haukuwa na breki. Kumsifu mtu alikuwa hakujui. Siku ya kwanza aliingia na kiti kibovu begani, akakitua katikati ya chumba akasema, "Atakayechora kiti namtoa nje."

"Sasa tuchore nini?" akauliza baba mmoja kinyozi aliyekuja na penseli mpya tupu.

"Matundu. Chora matundu yaliyo kati ya miguu yake, na hilo pengo la mgongoni. Kiti chenyewe achana nacho, kitakuja."

Wakacheka. Wakachora matundu, moja baada ya jingine, kila tundu na umbo lake la ajabu. Na kiti kikaja. Kilijitokeza kwenye karatasi ya Kitinda chenyewe, kimeinama upande kama kilivyoinama pale sakafuni, kizito, cha kweli. Vinyweleo vya mikono yake vikasimama.

"Ukishasema 'kiti', umeshapofuka," Mama Vivuli alisema, akipita nyuma ya migongo yao. "Kichwa kinakuletea kiti cha akiba, kile ulichokihifadhi tangu utotoni, macho yanaenda kulala. Sahau jina lake. Kiangalie kama mtu aliyedondoka kutoka mbinguni leo asubuhi, ambaye hakuna aliyemwambia kitu."

Basi tangu hapo huo ukawa ndio mwenendo wake. Akirudi kazini anavua viatu, anaweka kitu kimoja mezani dirishani, anachora mpaka mwanga uishe. Alichora kibanio cha nguo akagundua kwamba waya wake una mzunguko mzuri kuliko pete yoyote aliyowahi kuvaa. Alichora kitunguu wiki nzima, kikaanza kuchipua kikiwa bado mezani, naye akachora na chipukizi.

"Hicho tungekuwa tumeshakila tukakisahau," kaka yake alimwambia. Kaka, aliyekaa naye nyumba moja pamoja na mkewe, alikuwa dereva wa lori, mtu wa kwenda na kurudi, na hakuelewa safari ya mtu aliyekaa.

Ubavu wa kiganja chake cha kulia ulikuwa na rangi ya penseli siku zote, hata sabuni ikakata tamaa. Aliona haya kueleza kinachompata pale mezani. Ungemwelezaje mtu kwamba umetazama kitunguu ukahisi kama umeingia nyumba ya ibada kwa bahati mbaya, bila kujifunika kichwa?

Mama yake ndiye pekee aliyeweza kumtania bila kumuudhi. Alikuwa fundi cherehani wa magauni, amewavalisha wanawake wa mtaa mzima, na jicho lake lilijua mwili wa mteja kabla ya futi ya kupimia kutoka mfukoni. "Wewe mtoto," alikuwa akisema, "kitu kipo hapo mezani, kizima, hakijaenda popote. Unakichora cha nini?" Kisha anaichukua karatasi, anaitazama kwa jicho moja, anasema, "Huu upande umevuta." Na kweli, ulikuwa umevuta, kama mshono uliokazwa mno.

Ndipo ukaja ugonjwa wa kusahau.

Ulianza kwa majina ya vitu. Mkasi ukawa "kile kidude cha kukatia", na familia ikavunjika mbavu kwa kicheko, fundi gani huyu asiyejua mkasi. Sindano ikafuata, na kitufe. Kicheko kikapungua. Siku moja pasi ikaachwa juu ya kitambaa cha mteja, moshi ukatoka dirishani, majirani wakavunja mlango. Ndipo Kitinda akamhamishia mama nyumbani kwake. Baada ya vitu yakaenda majina ya watu. Kaka akawa "yule mrefu". Mke wa kaka, wifi yake Kitinda, akawa "mama watoto", na hilo walau lilikuwa kweli.

Kitinda alidumu kuliko wote kichwani mwa mama. Alijivunia hilo kimoyomoyo, japo ni aibu kulisema. Halafu asubuhi moja alimpelekea mama chai, mama akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akainua uso akatabasamu.

"Asante, dada," akasema. "Na wewe unakaa hapahapa?"

"Ndiyo," Kitinda akajibu. "Nakaa hapahapa." Akaenda bafuni, akafungulia maji kwa nguvu ili kilio kisisikike, akalia mpaka beseni likafurika.

Kuanzia siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani: mama amwite Kitinda, mara moja, halafu yaliyobaki na yawe. Alifanya vituko. Alibandika picha za zamani ukutani, akamzungusha mama mbele yake kama mgeni wa makumbusho. Alivaa gauni la zamani alilowahi kushonewa na mama, likambana, akashindwa kulivua. Mara kwa mara alimchutamia mbele na kumuuliza, "Mimi nani?" Na mama, ambaye maishani hakupenda kumvunja mtu moyo, alibahatisha: "Muuguzi?" Akiona uso wa Kitinda umeanguka, anajaribu tena: "Mtoto wa yule jirani?" Ikafika mahali mama akisikia hatua zake anaanza kupikicha vidole, kama mwanafunzi ambaye hakusoma.

"Muache mama apumue," kaka akamwambia. "Kila siku unampa mtihani."

"Wewe ni rahisi kwako," Kitinda akamjibu. "Wewe unaondoka na lori lako." Hawakusemeshana mpaka wifi alipowapatanisha.

Aliposhindwa kwa maneno akarudi kwenye penseli. Alasiri, mama alipenda kukaa jikoni kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, palepale ambapo vikombe na vitunguu vilikuwa vimekaa kabla yake. Kitinda akakaa ng'ambo ya meza, akaanza kumchora.

Picha zilitoka vizuri mno. Yeye mwenyewe alishangaa, kwa sababu nyuso zilikuwa zimemshinda siku zote. Kila karatasi ilitoka na mama ndani: lile jicho la fundi, ule mdomo unaokaribia kutania. Alizitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Wifi alipoingia alishika kifua.

"Salale! Mama huyu hapa! Ukimsemesha anajibu."

Hata kaka, yule wa kitunguu, alisimama mbele ya picha moja muda mrefu, akajifanya ana mafua. Kitinda akajaa matumaini. Akaanza kuamini kwamba akichora za kutosha, atamvuta mama arudi, taratibu, kwa ncha ya penseli.

Alhamisi akazibeba zote akampelekea Mama Vivuli. Alisubiri wengine watoke, akazitandaza mezani. Mwalimu akainama juu ya picha, akakohoa, akazipitia moja moja.

"Mama yako?"

"Mama yangu."

"Mzima?"

"Anaumwa. Amesahau."

"Amesahau nini?"

"Kila kitu," Kitinda akasema. "Na mimi pia."

Mama Vivuli akaweka kidole kwenye jicho la picha ya kwanza. Akakihamishia ya pili, ya tatu, mpaka akamaliza meza. "Mbona hawa wote wanakujua?"

Kitinda hakuelewa.

"Angalia hapa. Huyu anakuangalia wewe, machoni kabisa. Na mdomo huu uko tayari kumwita mtu kwa jina. Umeniambia hakujui. Haya, huyu umemtoa wapi?"

Kitinda akatazama alama za barabarani ukutani, hakuona hata moja.

"Kuchora unachokijua ni uvivu tu, unatibika," Mama Vivuli akaendelea, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikukwaruza sana. "Hapa umechora unachokitamani. Ndiyo maana watu wanalia wakikiona. Lakini kuna mtu anakaa kwenye kiti nyumbani kwako, kila siku, na hajachorwa bado. Naona hata kutazamwa hajatazamwa."

Kitinda alikusanya karatasi zake bila kuaga. Njia nzima alimtukana yule mwanamke kimoyomoyo, matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine aliyabuni yeye. Alifika nyumbani, kwa ubishi akazitundika tena picha kwenye kamba, akatupa penseli kwenye droo ya vijiko akaapa hashiki tena.

Ila macho yakishafunzwa hayaulizi ruhusa. Alipopita kwenye kamba aliona. Mboni za mama, katika kila picha, zilikuwa zimesogezwa; kidogo, upana wa ncha ya penseli, na katika kila moja alikuwa ameacha kitone cheupe cha karatasi ili jicho liwake. Asiyechora asingegundua kamwe. Kwa kitone hicho na upana huo wa ncha, alikuwa amejitengenezea mama anayemkumbuka, akamtundika jikoni, huku mama mwenyewe amekaa chini yake kwenye kiti akipikicha vidole. Aliona haya kiasi kwamba alizishusha zote kabla mama hajaamka.

Hakuirudia penseli siku hiyo wala kesho yake. Ilikuwa Jumamosi moja asubuhi, kaka safarini, wifi na watoto wake kwao, nyumba imetulia. Alimwogesha mama, akamvalisha, akamketisha dirishani. Aliacha beseni la maji kwenye sinki, vyombo vya chai bado viko ndani. Akavuta droo ya vijiko.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Kusahau jina la kikombe ni kazi ndogo, kikombe hakikudai chochote. Huyu jina lake lilikuwa Mama. Yeye alishamsahau Kitinda. Sasa na Kitinda naye akimsahau, ndani ya chumba hiki atabaki nani anayekumbuka? Alijiona kama anayetaka kumfuta mama yake kwa hiari yake mwenyewe. Alisimama. Akakaa tena. Akachonga penseli muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akapiga moyo konde, akaanza na pengo.

Alianza na lile pengo lililo kati ya shingo na mgongo wa kiti. Lilikuwa na umbo la jani refu. Halafu pengo kati ya mkono na kiuno. Halafu mstari ambapo nywele zinaishia na ukuta unaanza, nao haukuwa mstari, ulikuwa moshi. Kidogo kidogo maneno yakaanza kumtoka kichwani. Neno mzee likaenda. Neno mgonjwa likaenda. Neno mama lilikaza kidogo mlangoni, kisha nalo likapita nje, na mbele yake akabaki mtu.

Lo! Mtu yule.

Hakuwa amewahi kumwona. Sikio lake lilikuwa na mikunjo ndani ya mikunjo, na jua la dirishani lilipita katikati ya ngozi yake likatokea upande wa pili jekundu, kana kwamba kuna taa ndani. Shingoni, chini ya taya, ngozi ilipanda na kushuka kwa mdundo. Moyo ulikuwa ukigonga pale, hadharani, ulikuwa ukigonga tangu kabla Kitinda hajawepo duniani. Kope zilikuwa nyembamba kiasi cha kuonyesha umbile la jicho chini yake. Kwenye paji palikuwa na mshipa uliopinda, ukaingia ndani ya nywele, ukapotea, na Kitinda akaufuata kwa penseli kwa pumzi iliyobanwa, kwa woga ule wa kuingia mahali pakubwa. Alichora ramani za maji maisha yake yote, na hakuwahi kuona mto kama ule.

Hakuwa akimhurumia. Hilo lilimshtua. Kwa miezi mingi hakuweza kumtazama mama bila huruma kuja mbele kama pazia, na sasa pazia halikuwepo, na kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kikubwa mno kuhurumiwa.

Akabakiza macho.

Aliyaacha mwisho kwa sababu aliyaogopa. Kila mtu alisema macho ya mama hayana mtu, kwamba mwenyewe ametoka. Wifi alisema hivyo kwa upole, daktari kwa maneno marefu. Kitinda akanyoosha mkono, akasimamisha penseli, akafumba jicho moja, akapima mboni zimeelekea wapi, safari hii bila kuzisogeza hata chembe. Hazikumwelekea yeye. Zilipita juu ya bega lake la kushoto. Na kwa kuwa kipimo ni kipimo, akageuza shingo afuate zinakokwenda.

Zilikwenda ukutani, juu ya sinki. Jua lilikuwa limeangukia beseni la maji, na maji yakalirusha ukutani, likawa wavu wa mwanga, unaotetemeka, unaofunguka na kujifunga, kila tundu na umbo lake. Kitinda akarudi kwa mama. Mboni zilikuwa zikitembea, kidogo sana, zikiufuata wavu.

Mama hakuwa ametoka. Alikuwa anaangalia.

Kitinda akakumbuka mambo mfululizo mpaka akashika meza. Mama na kikombe, akikigeuzageuza mkononi mpaka chai ipoe, na wao wakimharakisha: kunywa mama, kunywa. Mama akipapasa ukingo wa meza. Mama akitazama tone likijijaza kwenye mdomo wa bomba, likivimba, likianguka, na kaka akitikisa kichwa: amepotea tena. Walikuwa wakimzindua kutoka kwenye jambo ambalo Kitinda alilihangaikia kila Alhamisi chini ya alama za barabarani. Majina yote yalikuwa yamemtoka, na dunia ilikuwa imebaki palepale mbele yake, mpya. Yeye ndiye aliyedondoka kutoka mbinguni asubuhi, tena kila asubuhi.

Nisieleweke vibaya. Ugonjwa ule ni mwizi, na simpambi mwizi. Kuna siku mama alilia bila kujua analilia nini, na hakuna kikombe wala wavu wa mwanga uliomfuta chozi. Lakini asubuhi ile hakuwa analia. Alikuwa amekaa mbele ya jambo zuri, amelipa macho yake yote.

"Ni nzuri," Kitinda akasema polepole. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsemesha mama bila kumuuliza swali.

"Inacheza," mama akasema.

"Ndiyo. Inacheza."

Wakautazama pamoja, hakuna aliyemharakisha mwenzake. Kisha wingu likapita, wavu ukazimika, ukuta ukawa ukuta. Mama akabaki ametazama pale kidogo, halafu akageuka, kwa utaratibu, na macho yale yale yakamwangukia Kitinda.

Kitinda akangoja "dada". Halikuja. Mama alikuwa akimtazama tu. Si kumtazama kwa mtu anayetafuta jina. Vidole vyake vilikuwa vimetulia mapajani. Alitazama paji la uso wa Kitinda, akashuka kwenye pua, akakaa kwenye shavu, akarudi juu. Kitinda, ambaye alikuwa ametazama watu na vitu miaka yote hiyo, hakuwahi kujua kukaa upande wa pili kukoje. Alitamani kujificha, na wakati huohuo alitamani yasiishe.

"Njoo kwenye mwanga," mama akasema.

Akaacha penseli, akazunguka meza, akapiga magoti mbele ya kiti. Mama akamshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea dirishani, kwanza upande huu, kisha upande ule. Kwa kidole gumba akampapasa kutoka sikioni kwenda chini, akifuata taya, polepole, jinsi fundi anavyofuata mshono kutafuta palipoachia. Alipofika mwisho akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa pametulia," akasema. "Na hapa. Tazama hapa palivyokaa." Akamsogeza nyuma kidogo amwone mzima, uso wake umejaa mshangao mtupu. "Kazi ya nani hii?"

Jina lile Kitinda alilolililia bafuni na kulivalia gauni lisilomtosha, halikumjia hata akilini.

"Yako, mama," akasema. "Kazi yako."

"Yangu mimi?"

"Yako wewe."

Mama akaachia kidevu. Akainua mikono yake yote miwili kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa kitu asichokijua. Kisha akautazama tena uso wa Kitinda, uliokuwa umelowa machozi.

"Basi nilikuwa najua kazi," akasema.

Kitinda akataka kuinama amlalie magotini, lakini mkono ukarudi kidevuni ukamzuia, imara, mkono wa fundi, ukamgeuza tena dirishani.

"Tulia," mama akasema. "Sijamaliza kuangalia."